Swali la Sinema, Jibu la Fundi: Kisa cha Singo Moja ya Kucheza Mombasa

Kisa hiki kinahusu wimbo wa kucheza wenye mdundo wa klabu na vionjo vya chakacha, ngoma ya harusi ya pwani, uliotengenezwa katika studio ndogo ya Kisauni mwishoni mwa mwaka 2023. Mwimbaji wake ni kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Majengo, na aliutunga kwa kuvutiwa na mwanamuziki mwenzake aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka arubaini, mpigaji wa taishokoto, ala ya nyuzi na vitufe, wa Mji wa Kale ambaye amepiga katika harusi nyingi za Mombasa na za miji ya jirani. Jina lake silitaji kwa kuwa yeye mwenyewe ameomba lisitajwe, na ombi hilo, kama itakavyoonekana, ni sehemu ya kisa; nitamwita Mzee. Mimi niliingia nikiwa mpangaji wa muziki niliyeitwa kutoa maoni juu ya rekodi ya kwanza, nikatoka nikiwa msuluhishi. Nakiandika kisa kwa urefu kwa sababu kila siku nasikia katika studio za mji huu vijana wakisema "nimempa heshima zake" kuhusu mzee fulani waliyemwiga, na maneno hayo, hata yakisemwa kwa moyo safi, hayajibu swali la nani alitunga nini.

Chanzo ni kaseti ya harusi ya mwaka 1986 ambayo kijana aliikuta kabatini kwa bibi yake. Wakati huo kaseti ndiyo iliyobeba muziki wa mwambao. Maduka kama Mbwana Radio Service yalirekodi na kuuza taarab kwa kaseti, na pembeni ya biashara hiyo kulikuwa na kaseti zisizouzwa, zilizorekodiwa na jamaa wa bwana harusi kwa redio ya mkononi iliyowekwa juu ya kiti. Hii ilikuwa mojawapo. Ndani yake zinasikika ngoma za chakacha, yaani msondo, vumi na chapuo, vigelegele vya wanawake, na juu ya vyote taishokoto yenye sauti kali ya nyuzi za chuma, ikiuliza na kujijibu. Kijana aliniambia kwamba aliisikiliza usiku kucha, na kwamba kulipokucha alikuwa tayari na kiitikio.

Taishokoto yenyewe inahitaji maneno machache, kwa kuwa umbo lake ndilo linaloamua aina ya muziki unaotoka. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi ikafika kwetu, ambako wapigaji wa Mombasa waliifanya yao. Rekodi za chakacha za Bi Zuhura Swaleh ndizo zilizoijulisha sauti yake kwa wengi. Ni kisanduku chembamba chenye nyuzi zilizolazwa na vitufe vya duara mfano wa vile vya mashine ya zamani ya kupigia chapa. Mkono wa kushoto hubonyeza kitufe, wa kulia hukwangua nyuzi kwa risha. Kwa kuwa vitufe vimefungwa mahali pake, mpigaji hawezi kuivuta noti juu au chini kama afanyavyo mpigaji wa udi au fidla. Utamu wote umebaki kwenye mkono wa risha, katika kuamua pigo litue lini, mapema kidogo au kwa kuchelewa kidogo. Mzee ana mkono. Kila aliyemsikia analisema hilo kwa neno hilo hilo.

Rekodi ya kwanza iliundwa hivi. Prodyuza alikichukua kipande cha taishokoto cha noti tisa kutoka kwenye kaseti, akakipiga upya kwa kinanda cha kompyuta akitumia sauti inayofanana na nyuzi, akakizungusha kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Chini yake aliweka ngoma nzito (kick) inayogonga kila pigo la nne kwa nne, kama la nyimbo zote za klabu za siku hizi. Kijana alitunga beti mbili, akachukua mstari mmoja wa kike uliosikika kwenye kaseti akaufanya daraja la kuelekea kiitikio, na katika kiitikio chenyewe akaliita jina la Mzee mara nane. Kwa maelezo yake, wimbo ulikuwa zawadi. Sikuwa na sababu ya kutomwamini wakati huo, na sina hata sasa.

Mgogoro haukuanzia studioni. Kabla wimbo haujakamilika, kijana aliweka kionjo cha sekunde thelathini kwenye TikTok, watu wakakichukua na kukichezea, na siku ya tatu kikaingia katika kundi la WhatsApp la familia ya Mzee. Binti yake mkubwa alimwona msichana asiyemjua akicheza katika baa huku jina la baba yake likiitwa. Alipiga simu huku na huko mpaka akampata prodyuza, na kwa sauti ya kujizuia akauliza maswali mawili: nani aliwapa ruhusa, na nani analipwa. Prodyuza alijibu kwamba hawakuchukua sauti ya mtu yeyote, wamepiga wenyewe. Jioni hiyo ndipo nilipoitwa.

Lazima niseme wazi kwamba maoni yangu ya kwanza yalikuwa na kosa. Niliwaambia kwamba kwa kuwa rekodi ya kaseti haikukatwa na kupachikwa, hakuna deni kubwa, na kwamba shukrani katika maelezo ya wimbo zitatosha. Nilichanganya vitu viwili ambavyo Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inavitenganisha, yaani rekodi ya sauti na utungo uliomo ndani ya rekodi hiyo. Anayepiga upya kipande cha mwenzake ameikwepa haki ya kwanza tu. Ya pili iko pale pale. Utungo unalindwa katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na hauhitaji kusajiliwa ili ulindwe, mradi ni wa asili na umewekwa katika umbo la kudumu. Kaseti ya 1986 ni umbo la kudumu. Hata rekodi yenyewe, iliyorekodiwa kwa redio ya mkononi juu ya kiti, inalindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa, maana yake hadi mwisho wa 2036. Kuna imani iliyoenea studioni kwamba noti chini ya nane, au sekunde chini ya saba, ni bure. Sheria haina hesabu hiyo. Kinachotazamwa ni kama kilichochukuliwa ni sehemu ya msingi ya kazi, na sehemu ya msingi inaweza kuwa fupi sana. Nilipogundua kosa langu nilimpigia kijana, nikamwambia tusiandike kitu chochote mpaka tuende kwa Mzee.

Tulikwenda nyumbani kwake Kibokoni, Mji wa Kale, baada ya sala ya alasiri, kijana, prodyuza na mimi, tukiwa na spika ndogo na mkebe wa kashata. Binti alitupokea kwa adabu isiyo na furaha. Mzee alisikiliza wimbo wote bila kusema neno, vidole vya mkono wake wa kulia vikigonga goti, na nilimtazama kwa makini kwa sababu nilitaka kuona vidole hivyo vitasimama wapi. Vilisimama kila kipande kiliporudi, mahali pale pale, katikati ya noti ya pili na ya tatu. Wimbo ulipokwisha alisema, "Mwanangu, hapa mguu umeteguka. Wa kucheza ataanguka."

Prodyuza alidhani ni lawama ya jumla ya mtu mzima dhidi ya muziki wa vijana. Haikuwa hivyo, bali ilikuwa kauli sahihi kabisa ya kiufundi, na inafaa ifafanuliwe kwa hesabu. Chakacha hugawa kila pigo kubwa katika sehemu tatu. Programu ya kurekodia, ikiachwa kama ilivyokuja, hugawa kila pigo katika sehemu nne, na noti iliyopigwa kwa mkono huvutwa hadi kwenye mstari ulio karibu nayo. Kwa kasi ya mapigo 112 kwa dakika, pigo moja huchukua takriban milisekunde 536; theluthi yake ni milisekunde 179, robo yake ni milisekunde 134. Kwa hiyo noti iliyokaa kwenye theluthi ya kwanza ilivutwa nyuma kwa milisekunde 45, na iliyokaa kwenye theluthi ya pili ikasukumwa mbele kwa milisekunde 45. Moja inafika mapema, nyingine inachelewa, na nafasi kati yao inapanuka. Huko ndiko kuchechemea. Sikio la kijana aliyezoea pigo nne halikukuona, lakini mguu wa mtu aliyecheza chakacha tangu utotoni unakuona kabla ya sikio. Nimelisisitiza jambo hili kwa sababu linagusa kiini cha kisa: kijana alivutiwa na mkono wa Mzee, na mkono ndio kitu pekee ambacho rekodi ya kwanza ilikuwa imekifuta. Zilibaki noti bila mwenyewe.

Jambo la pili alilolisema Mzee lilibadilisha kila kitu. Aliomba taishokoto yake iletwe, akaifungua kitambaa, akapiga kile kipande cha noti tisa polepole. Alizipiga noti tano za mwanzo akasimama. "Swali hili si langu," akasema, "nalitoa sinema." Kisha akapiga nne zilizobaki. "Langu mimi ni jibu."

Kwa msomaji wa Mombasa hili halishangazi. Taarab ya mji huu, kwa miongo mingi, ilijenga sehemu kubwa ya tuni zake juu ya nyimbo za filamu za Kihindi. Watu walikwenda sinema, wakatoka na tuni kichwani, wakaitilia maneno ya Kiswahili na ngoma za pwani. Haikuonwa kuwa wizi, na sioni haki ya kuwahukumu waliofanya hivyo kwa vipimo vya leo. Mzee aliiona filamu ile ujanani katika sinema moja ya mjini, akalibeba swali la wimbo wake, na harusini, pale msondo ulipoacha pengo, mkono wake ukatoa jibu ambalo halikuwamo katika filamu. Jibu hilo ndilo lililomkamata kijana usiku ule, ingawa mwenyewe hakujua. Lakini sheria ya leo haiulizi desturi ya wakati ule. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1993, India ni mwanachama wa siku nyingi zaidi, na kwa hiyo mtunzi wa Kihindi analindwa Mombasa kama anavyolindwa mtunzi wa Majengo. Laiti tungekuja Kibokoni na karatasi ya ruhusa, Mzee akaitia sahihi, tungerudi na ruhusa ya noti tisa kutoka kwa mtu mwenye noti nne.

Mtego huu umewanasa wakubwa. Mwaka 1972 Manu Dibango wa Kamerun alitoa Soul Makossa, wimbo uliochezwa dunia nzima. Miaka kumi baadaye Michael Jackson alitumia mwito wake katika wimbo wa kucheza ulioifungua albamu ya Thriller. Dibango alidai haki yake, wakamalizana nje ya mahakama. Kisha mwaka 2007 Rihanna akautumia mwito ule ule, na ruhusa iliombwa kwa Jackson, yaani kwa aliyeazima, si kwa mwenyewe. Dibango akalazimika kwenda mahakamani tena, safari hii Paris. Niliwasimulia prodyuza na kijana habari hii tukiwa bado Kibokoni, na Mzee, aliyekuwa akisikiliza huku akikunja kitambaa chake, akasema tu kwamba mwenye mali hupigiwa hodi mlangoni kwake, si kwa jirani.

Habari ya pili niliwasimulia njiani, tukivuka Daraja la Nyali, kwa sababu ilimhusu kijana zaidi. Mwaka 2013 Robin Thicke na Pharrell Williams walitoa Blurred Lines, na Thicke akasema katika mahojiano kwamba walitaka kitu chenye ladha ya wimbo wa Marvin Gaye wa 1977, Got to Give It Up. Maneno hayo ya sifa yaligeuka ushahidi. Mwaka 2015 jopo la raia waamuzi (jury) mjini Los Angeles liliamua kwamba familia ya Gaye ilipwe dola milioni 7.4, jaji akapunguza hadi takriban milioni 5.3, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaunga mkono msingi wa uamuzi huo. Wanamuziki wengi waliupinga, wakisema kwamba ladha na mdundo havina mwenyewe, na mimi niko upande wao kwa sehemu kubwa. Lakini somo kwa kijana wetu lilikuwa la karibu zaidi: alikuwa amekwisha kuandika kwenye ukurasa wake kwamba wimbo "umetoka kwa Mzee fulani wote". Alikusudia unyenyekevu. Wakili angeisoma kama hati ya kukiri, na tena hati yenye uongo, kwa kuwa wimbo haukutoka kwa Mzee wote.

Kazi iliyofuata ilikuwa kuutenganisha wimbo nyuzi kwa nyuzi, na tuliifanya siku mbili baadaye, kwa kalamu. Mdundo wa chakacha hauna mtunzi. Ni ngoma ya wanawake ya harusini ambayo bendi za Mombasa ziliingiza katika gitaa la umeme na disko, Mombasa Roots ikiwa maarufu kuliko zote katika hilo, na hakuna aliyehitaji kumlipa mwingine kwa kuipiga. Mstari wa kike wa daraja la wimbo tuliuuliza kwa akina bibi watatu wa mitaa mitatu, na kila mmoja aliujua, kila mmoja kwa maneno tofauti kidogo. Huo ni mali ya wote. Kuna Sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni za jamii, na msimamo wangu ulikuwa kwamba kijana, akiwa mtoto wa jamii hiyo hiyo, ana haki ya kuuimba, ila hana haki ya kuandika chini yake "mtunzi ni mimi". Uliandikwa kuwa wimbo wa asili wa harusi wa pwani. Beti na tuni ya kiitikio ni za kijana. Mpangilio wa ngoma ni wa prodyuza. Swali la noti tano lina mtunzi wake India, na kumfikia mtunzi huyo au warithi wake kungechukua miezi na fedha ambazo hakuna kati yetu aliyekuwa nazo, kwa hiyo liliondolewa lote. Prodyuza aliumia, nilimwona. Alikuwa amelijenga jengo lake juu ya nguzo hiyo. Lakini swali lilipotoka lilibaki pengo, na katika pengo hilo kijana akaweka makofi ya watu sita, kama ya harusini, na jibu la Mzee likaja juu ya makofi kama mtu anayeitikia mwito. Wimbo ukawa bora. Sisemi hivi kwa kujifariji. Hata yeye prodyuza alisema hivyo, na yeye si mtu wa kusifu kirahisi.

Mzee alikubali kuja kulipiga jibu lake mwenyewe. Siku hiyo nitaikumbuka kwa undani. Taishokoto yake ina pikapu, yaani kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi, cha zamani kilichofungwa kwa waya, na kilipounganishwa na mashine ya studio kilitoa mvumo mzito wa umeme, tukaamua kutumia maikrofoni iliyowekwa kiasi cha shibiri moja juu ya nyuzi. Alivishwa spika za masikioni zenye mlio wa kuhesabu mapigo; alisikiliza kidogo, akazivua, akaziweka mezani taratibu. Aliomba mtu ampigie makofi. Kijana akasimama mbele yake akampigia, na Mzee akapiga akimtazama mikono. Mara ya tatu ndiyo iliyobaki. Kisha prodyuza akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: badala ya kuivuta taishokoto ifuate ngoma za kompyuta, alizisogeza ngoma moja moja zimfuate Mzee. Ilimchukua usiku mzima. Kasi ya wimbo sasa inapanda na kushuka kati ya mapigo 110 na 113, na dijei mmoja alilalamika kwamba wimbo "unakimbia" anapouunganisha na mwingine. Tulimwongezea mwanzoni na mwishoni sehemu fupi ya ngoma tupu yenye kasi moja, akaridhika.

Suala la jina lilikuwa gumu kuliko la fedha. Kijana alishikilia kwamba wimbo bila jina la Mzee si zawadi tena. Mzee alimjibu kwa upole, "Wimbo ni wako, uimbe. Lakini jina langu usilipeleke panaponywewa pombe. Mimi nina wajukuu, na nina msikiti wangu." Hapa ningependa wasomaji walio na haraka wasimame kidogo. Tumezoea kudhani kwamba kumtaja mtu ni kumheshimu, na sheria nayo inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, haki ambayo haiuzwi pamoja na wimbo. Ila kutambuliwa katika karatasi na kuitwa jina ukumbini ni mambo mawili, na mtu anaweza kulitaka la kwanza na kulikataa la pili bila kujipinga. Kijana alinyamaza siku nne. Kisha akarudi na kiitikio kipya ambamo jina limeondoka na mahali pake limekaa neno "fundi", neno ambalo watu wa ngoma wa mwambao humpa aliyebobea, na ambalo mtu wa Kibokoni akilisikia pamoja na ile taishokoto atajua nani anaitwa. Mzee alipolisikia alicheka kwa mara ya kwanza.

Kuhusu mgawo, prodyuza aliona kwamba asilimia 20 ya utungo kwa noti nne ni nyingi mno. Sikubishana naye kwa maneno. Niliuzima mstari wa taishokoto, nikamwomba kijana aimbe. Alikosea mahali pa kuingilia kiitikio mara tatu mfululizo, kwa sababu jibu la Mzee ndilo lililokuwa likimwita. Tukaandika asilimia 60 kwa kijana, ikiwa ni maneno ya beti na ya kiitikio na tuni ya sauti, 20 kwa prodyuza na 20 kwa Mzee. Malipo ya siku ya studio yalitolewa kando, kwa M-Pesa, kabla Mzee hajaondoka, ili yasije yakahesabiwa kuwa ndiyo bei ya kuununua utungo wake. Kosa hilo nimeliona likiwapokonya wazee wengi haki zao.

Makaratasi yalikuwa na mitego yake. Mzee anajulikana kwa jina la jukwaani ambalo halimo katika kitambulisho chake, na mirabaha ikiandikwa kwa jina la jukwaani hukaa bila mwenyewe. Tuliandika majina yote mawili, la kitambulisho kwanza. Msimbo wa ISRC wenye herufi na tarakimu 12 uliombwa kwa ajili ya rekodi, lakini msimbo huo hautambulishi utungo, kwa hiyo majina ya watunzi yalijazwa peke yake katika fomu ya msambazaji, jambo ambalo prodyuza alikiri kwamba katika nyimbo zake zote za nyuma aliliruka. Mzee ana sura mbili katika wimbo huu: ni mtunzi mwenza, sura ambayo wakati huo kwa desturi ilishughulikiwa na chama cha watunzi, MCSK, na ni mtumbuizaji aliyepiga katika rekodi, sura ambayo ilikuwa ya chama cha watumbuizaji, PRISK. Mtu akijiandikisha upande mmoja tu, upande wa pili humpita. Wimbo ulisajiliwa pia katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, si kwa kuwa sheria inalazimisha, bali kwa kuwa tarehe iliyoandikwa na serikali husaidia pakizuka ubishi. Kile kionjo cha kwanza chenye noti tano na jina, kijana alikifuta, akawaandikia mmoja mmoja wale aliowaona wamekitumia. Wengi walikiondoa. Nakala chache zingali zinazunguka, na hilo binti wa Mzee hajalisamehe.

Wimbo ulitoka. Nimeusikia ukipigwa katika tuk-tuk za Mwembe Tayari na katika harusi mbili za Majengo, na katika moja ya harusi hizo wanawake wa makamo walisimama kabla ya vijana, jambo lililomfurahisha kijana kuliko idadi yoyote aliyoiona kwenye simu yake.

Limebaki jambo moja. Siku ya kutia sahihi, Mzee alishika kalamu kisha akaiweka chini. Alisema kwamba jibu lake lilizaliwa kwa sababu mpiga msondo wa harusi ile aliacha pengo, na kwamba mtu huyo, ambaye sasa ni marehemu, ndiye angepaswa kukaa pale na kalamu. Nilimweleza kwamba kwa sheria, kuacha pengo la ngoma si kutunga, na kwamba sikuona njia ya kumpa asilimia. Alielewa, ila hakuridhika, na mimi mwenyewe sikuridhika. Tulikubaliana kumtafuta mtoto wake mkubwa, tukampata Takaungu, na kwa idhini yake jina la baba yake likaandikwa katika maelezo ya rekodi. Aliuliza kama anaweza kuisikia kaseti, kwa sababu nyumbani kwao hakuna sauti ya baba yao hata moja. Niliihamisha kaseti yote kwenye kompyuta, pande mbili, nikampelekea mwenyewe. Msondo unasikika nyuma ya vigelegele, na mahali pa lile pengo panajulikana vizuri, kwa sababu mtu mmoja kati ya waliokaa karibu na redio anasema "haya!" na taishokoto inaitikia.